Kiwanja cha Wasichana Kisingoje Hisani

Mwaka 1996 timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Zaire ilikwenda Atlanta, Marekani, kwenye Michezo ya Olimpiki ikiwa bingwa wa Afrika, taji ililolitwaa Afrika ya Kusini mwaka 1994. Sare za mabingwa hao pamoja na gharama zao zililipwa na Mkongo mwenzao, Dikembe Mutombo, mchezaji wa kulipwa huko Marekani. Walifungwa michezo yote. Wenyeji waliwafunga 107 kwa 47.

Miongoni mwa walioshindwa siku hiyo alikuwamo Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye umri wa miaka 20 hivi. Mwaka uliofuata ligi ya wanawake ya WNBA ilianza Marekani, naye akasajiliwa na Los Angeles Sparks. Huko alikutana tena na Lisa Leslie, mmoja wa Wamarekani waliomfunga Atlanta, safari hii wakiwa timu moja. Walitwaa ubingwa mwaka 2001, wakautetea mwaka 2002.

Mabika hakupaa kwa siku moja. Aliteuliwa kucheza katika mchezo wa nyota wa ligi kwa mara ya kwanza mwaka 2000, msimu wake wa nne, na mwaka 2002 wastani wake ulikaribia pointi 17 kwa mchezo. Katika rekodi hiyo unaonekana mtazamo wa mtu aliyekubali kukua polepole pembeni ya nyota mkubwa kuliko yeye, bila kususa wala kujikweza. Lakini inafaa isemwe wazi: kipaji kilikuwa kile kile mwaka 1996 na mwaka 2002. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na walimu wa kudumu, daktari, kiwanja na mshahara.

Watakuwapo watakaouliza mambo ya Kinshasa na Los Angeles yanawahusu nini walimu na watumishi wa kata ya Kalangalala, mjini Geita. Watu wa Geita wanajua kuliko wengi tofauti iliyopo kati ya mwamba wenye dhahabu na dhahabu yenyewe. Katikati yake ipo mitambo, upo umeme, na yupo mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Hakuna mgodi uliopata kuendeshwa kwa hisani ya jamaa aliyeko ng'ambo. Kwa nini basi kipaji cha msichana kiendeshwe hivyo?

Ipo sababu ya kihistoria iliyowafanya Wakongo na Wasenegali kututangulia. Katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji na Wafaransa, wasichana walifundishwa kikapu. Katika zilizotawaliwa na Waingereza walifundishwa netiboli, mchezo uliozaliwa na kikapu hicho hicho. Msichana wa Kitanzania amekua akidaka na kupasi kwa ustadi, ila amekatazwa kudunda mpira na kukimbia nao. Hiyo si kasoro ya maumbile, wala netiboli si mchezo wa kudharauliwa. Kwa kweli michezo hiyo miwili ni majirani wa karibu mno: kiwanja cha kikapu ni meta 28 kwa 15, cha netiboli ni meta 30.5 kwa 15.25, na pete za yote miwili hukaa meta 3.05 kutoka ardhini. Sakafu moja ya zege, ikichorwa mistari ya rangi mbili, yatosha kwa yote.

Fedha nazo zina njia yake. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na Halmashauri inayohusika. Mpango huo hupita mezani kwa watumishi wa umma. Ni wao wanaojua kama kiwanja cha wasichana kimo ndani yake au kimeachwa kwa sababu hakuna aliyekiombea.

Hapana ubishi kwamba madarasa, madawati na vyoo hutangulia. Hata hivyo hoja hiyo hutumika mno dhidi ya wasichana na mara chache dhidi ya uwanja wa soka wa wanaume. Aidha, saruji peke yake haitoshi. Kipindi cha michezo kikigeuzwa kila wiki kuwa cha marudio ya mtihani, na msichana akitoka shuleni moja kwa moja kwenda kisimani, zege hilo litaanikiwa mpunga. Mzazi mwenye wasiwasi juu ya mavazi naye aelezwe kwamba shirikisho la kikapu duniani liliruhusu kilemba uwanjani tangu mwaka 2017.

Kwa hiyo maofisa elimu na wakuu wa shule hawana budi kupeleka maombi yao kabla mpango wa mwaka haujafungwa, yakieleza kiwanja kitajengwa shule gani, kitachorwa mistari ya michezo gani, mipira itatunzwa na nani, na ni mwalimu yupi atakayekuwa uwanjani na wasichana saa kumi jioni, siku ngapi kwa wiki.