Msasa Si Heshima

Niliseme mapema ili asiyetaka kuendelea aishie hapa: bao la zamani likipigwa msasa mpaka likang'aa kama meza ya mapokezi, halijakarabatiwa. Limefutwa. Tumelifuta kwa mikono yetu, tukamlipa fundi, halafu tukaliita tendo hilo kuheshimu wazee.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa ukali. Katika ukoo wetu, uliotawanyika kati ya Shinyanga, Kahama na Geita, kuna bao moja linalosubiri uamuzi. Ni la mninga. Babu alilipata Mwadui alipokuwa mfanyakazi kwenye mgodi wa almasi, pale walipokutana watu wa kila kabila na kila mmoja akaja na mchezo wake. Sisi Wasukuma tuna isolo yetu, lakini bao hili lilichongwa kwa ajili ya bao la Kiswahili: mistari minne, mashimo manane kila mstari, na nyumba mbili za pembe nne. Limepasuka kutoka ukingo mmoja hadi katikati. Kona moja haipo. Chini lina kipande cha debe kilichopigiliwa misumari, matengenezo ya zamani ambayo hata wazee hawakumbuki yalifanyika lini. Na sasa wadudu wanaotoboa mbao wameshaingia.

Kundi la WhatsApp la ukoo limegawanyika. Binamu yangu mwenye gesti Kahama anataka bao lipigwe msasa, kona iundwe upya, debe ling'olewe, vanishi ipakwe mara tatu, kisha liwekwe mapokezi chini ya taa. Shangazi anasema lisiguswe kabisa, lifungwe kwenye kanga na kuwekwe kabatini, kwa kuwa ni alama ya marehemu. Fundi aliyeitwa kulitazama alinipigia simu akiwa na furaha: "Mwalimu, hili nakutolea jipya kabisa, hutalitambua." Ndugu msomaji, yule fundi alikuwa ananiahidi kitu kizuri. Mimi nilisikia kitisho.

Hebu tuanze na huo uchakavu wenyewe, maana wengi wanaouchukia hawajawahi kuutazama. Bao halichakai ovyo. Katika bao la Kiswahili, ukila kete za mwenzako huanzi kuzitembeza popote unapotaka. Unaanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, kulia au kushoto. Kwa hiyo vidole vinarudi kwenye mashimo ya kichwa mara nyingi sana kila mchezo. Katika bao la babu mashimo hayo yamepanuka, kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika. Nyumba nazo zimepoteza ukali wa pembe zake. Mashimo ya katikati ya mstari wa nyuma bado yana alama za patasi. Mtu anayeujua mchezo, hata kama hajawahi kukutana na babu, anaweza kulishika bao hili na kusoma kanuni zake kwa kidole gumba. Sasa mwenzangu anataka mashimo yote 32 yawe sawa. Yaani anataka nipewe kitabu ambacho kurasa zote zimeandikwa neno moja.

Najua tabia hii tumeitoa wapi, na siwalaumu ndugu zangu peke yao. Tumekulia kwenye ukanda wa migodi. Kuanzia Mwadui mpaka Kakola, kutoka Nyarugusu mpaka Rwamgasa, somo la kwanza la maisha ni kwamba thamani iko ndani na kilicho nje ni uchafu. Mwamba unatolewa duarani, unapelekwa kwenye karasha, unasagwa, unaoshwa, na kinachobaki kidogo mwishoni ndicho mali. Ukiishi na somo hilo muda mrefu, kila kitu cha zamani unakitazama kwa macho ya mwoshaji: nikikwangua hapa, ndani kuna kinachong'aa.

Mfano wake mkubwa uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. John Williamson, Mkanada aliyegundua mgodi ule mwaka 1940, akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya ndoa. Ilipokatwa na kusuguliwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iliondoka ili kilichobaki kimeremete, na hakuna aliyelia, kwa sababu almasi haikuwa imewahi kuguswa na maisha ya mtu. Ilichopoteza kilikuwa jiwe. Bao likipoteza milimita mbili za juu, limepoteza kila kilichowahi kutokea juu yake, kwa sababu maisha ya bao yote yako kwenye hizo milimita mbili. Chini yake kuna mninga tu, na mninga Geita bado upo.

Tena hata wachimbaji wenyewe wanajua kwamba somo lile lina kasoro. Kamuulize mtu yeyote wa mwaloni kuhusu marudio. Mchanga uliooshwa kwa zebaki, ambao zamani ulionekana takataka, leo unanunuliwa na wenye mitambo ya kuchenjua, unalowekwa kwenye matangi na kutolewa dhahabu iliyokuwa imeachwa. Kumbe walichokiita uchafu kilikuwa na mali ndani yake. Tofauti ni kwamba marudio yanakaa pale kwenye lundo yakisubiri mwenye akili zaidi. Vumbi la msasa linafagiliwa jioni, basi.

Sasa nimgeukie shangazi, kwa heshima zote, maana sitaki aone kwamba niko upande wake. Shangazi yangu mpendwa, bao lililofungwa kwenye kanga ni gogo lenye mashimo. Ufa ule unapita kati ya mashimo mawili, na kete ndogo zinanasa humo. Mchezaji atahesabu vibaya na ugomvi utaanza. Wadudu hawaheshimu marehemu. Ukiliacha "kama alivyoliacha", baada ya misimu michache utafungua kanga na kukuta unga. Kutogusa nako ni kuamua, na mara nyingi ni uamuzi wa mtu asiyetaka kulaumiwa.

Kipimo changu ni kimoja: rekebisha kila kinachomzuia mtu kukaa chini na kucheza, na uache kila kinachokuambia tu kwamba wengine walicheza kabla yako. Kwa bao letu maana yake iko wazi. Wadudu wauawe. Ufa uzibwe kwa kipande cha mninga, na kipande hicho kionekane, kisipakwe rangi ya kudanganya. Msumari mmoja wa debe uliochomoza na kukwaruza paja upigwe ndani, lakini debe libaki. Kona iliyokatika haizuii chochote, ibaki imekatika. Bao lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na kupakwa mafuta kidogo. Vanishi hapana.

Wala hili si wazo la kigeni nililolisoma mtandaoni. Kwa bibi yangu kibuyu kikipasuka kilishonwa kwa uzi, mshono ukaonekana, na maziwa yakaendelea kukaa humo. Hakuna aliyekitupa kwa sababu ya mshono, na hakuna aliyejitahidi kuuficha. Lile debe chini ya bao ni mshono wa namna hiyo hiyo. Mtu fulani alitaka mchezo wa jioni hiyo uendelee, akakata debe, akapiga misumari. Kuling'oa ili bao lionekane "halisi" ni kumtoa kwenye historia mtu pekee aliyeliokoa.

Binamu ana hoja moja nzuri na sitaikwepa. Aliandika: mbona MV Liemba imebadilishwa injini na bado tunajivunia? Ni kweli. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa kwa vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilibadilishwa zikawekwa za dizeli. Lakini tazama kilichobadilishwa na kilichobaki. Injini ilibadilishwa ili meli iendelee kubeba watu. Bodi iliyozama na kuibuka ndiyo hiyo hiyo. Liemba inanitetea mimi. Bao halina injini. Ubao wake ndio bodi yake, na binamu anataka kuuchonga upya huku injini, yaani mchezo wenyewe, akiizima na kuiweka mapokezi.

Hata wenye zile mashine za pinball, zilizotengenezwa kwa wingi Chicago, hubishana hivi hivi. Mipira na balbu wanabadilisha bila ugomvi, kwa kuwa bila hivyo hakuna mchezo. Ugomvi huanza kwenye ubao uliochorwa, pale ambapo mpira wa chuma umekula rangi mpaka mti ukaonekana. Wapo wanaopaka upya kila kitu, wapo wanaoacha.

Nimesikia pia kwamba bao chakavu halitawavuta vijana. Jamani! Nenda senta yoyote ya machimbo uone meza za pool: kitambaa kimeshonwa sehemu tatu, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na vijana wamejaa mpaka usiku. Hawajali kiraka mradi mpira unatembea. Kinachokosekana kwenye bao ni mtu wa kuwafundisha na mahali pa kukaa. Vanishi haifundishi mtu namna ya kulinda nyumba yake.

Na sisi wa fasihi tusijione tumepona. Tunalo bao letu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa mwaka 1980 wakati uhai wake ukikaribia mwisho. Alifariki mwaka uliofuata. Kila nikikitaja hapatikani mtu wa kuuliza kitapatikana wapi, ila hakosi wa kusema kingefaa "kusanifishwa" ili kisomeke vizuri. Makosa ya chapa yarekebishwe, sawa. Huo ni ufa unaonasa kete. Lakini sentensi inayotembea kwa mwendo wa Kikerewe ni shimo la kichwa lililolainishwa na vidole vya mwenyewe. Mhariri anayeisawazisha ili ifanane na Kiswahili cha taarifa ya habari ameshika msasa, hata kama mkononi ana kalamu. Na anayeridhika kitabu kibaki nakala chache kwenye rafu za maktaba, kwa hofu ya kukigusa, ni shangazi na kanga yake. Kichapishwe kama kilivyo, kisomwe.

Kura yangu kwenye kundi la ukoo nimeshaiandika: wadudu wauawe, ufa uzibwe, msumari upigwe, mengine yaachwe. Bao lisiende kabatini wala mapokezi. Apewe yeyote kati yetu, awe Shinyanga au Geita, kwa sharti moja tu, kwamba ana mtu wa kucheza naye.