Umeme wa Usiku: Funzo Nililolikuta Kasulu na Kibondo



Nilikusudia safari hii kuandika juu ya magunia na majamvi, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu msimu unapokaribia. Lakini liko jambo jingine ambalo hutugharimu kila vuli, nasi hulipita kama halipo. Jambo lenyewe ni umeme tuuonao usiku juu ya bahari, tukaufungia mlango na kulala.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja wa Novemba 2021 nilikuwa na karafuu uwanjani zilizobakisha jua la siku moja tu zikauke. Badala ya kuziingiza ndani, nilizikusanya katikati ya uwanja nikazifunika kwa majamvi, kama wafanyavyo wavivu. Saa tatu niliona umeme ukimeta upande wa magharibi, juu ya Mkondo wa Pemba, wala sikusikia ngurumo. Nikamwambia mke wangu, "Huo ni umeme wa joto tu, uko Tanga huko," nikaenda kulala. Saa nane mvua ikashuka kama iliyomwagwa kwa ndoo. Jua halikutoka siku mbili. Karafuu zikachacha na kugeuka rangi, na kituoni zikashushwa daraja. Sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu, maana mbingu zilinipa onyo la saa tano nzima, nami nililidharau.

Mwaka uliofuata, mwezi ule ule wa Novemba, nilikwenda kumtembelea shemeji yangu ambaye ni mwalimu Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Labda mwanachama atauliza: mkulima wa karafuu ana kazi gani na Kasulu, mahali pa maharage, mahindi na migomba, pasipoonekana hata mkarafuu mmoja? Jibu langu ni kwamba wenyeji wa huko wanaujua umeme kama sisi tunavyoijua bahari, na mtu akitaka kujifunza jambo huliendea kwa wenyewe.

Nchi ile ni ya vilima virefu, na magharibi yake liko Ziwa Tanganyika. Mchana jua hupasha moto vilima, hewa hupanda, na alasiri mawingu husimama kama minara. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za pande zote mbili hutelemka kwenda majini. Zikikutana huko huisukuma hewa juu, na ngurumo huanza upya. Kwa hiyo mtu akisimama juu ya kilima usiku huona upande wa magharibi wote ukiwaka na kuzimika. Ng'ambo ya pili, katika vilima vya Kongo, hali ni kali zaidi. Wataalamu waliohesabu umeme kwa chombo cha angani walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, karibu na Ziwa Kivu, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa umeme. Kila kilometa moja ya mraba hupata umeme zaidi ya mara 200 kwa mwaka. Panapopazidi ni Ziwa Maracaibo tu, huko Venezuela.

Kwa watu wa Kasulu na Kibondo hizi si habari za kusomwa tu. Kibondo imekwisha kuzika wanafunzi na mwalimu wao waliopigwa na radi shuleni mwaka 2015. Geita, katika mwezi wa Oktoba 2018, wanafunzi 6 walikufa kwa radi moja. Uganda, katika shule ya Runyanya, mwezi wa Juni 2011, walikufa wanafunzi 18 na mwalimu mmoja. Ndiyo maana huko mzazi humfundisha mwanawe kutazama wingu mapema kama sisi tunavyomfundisha wetu kuogelea.

Usiku wa pili wa safari yangu tulikuwa Kibondo, tumeketi barazani kwa mzee mmoja jirani wa rafiki wa shemeji. Umeme ukamulika upande wa mashariki. Nikasema neno langu lile lile la umeme wa joto. Mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, umeme wa joto haupo. Ile ni inkuba, ila iko mbali, sauti yake haijafika. Wewe hesabu tu." Tukaanza kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mwanachama yeyote aliyefika chuoni aiweza. Umeme tunauona papo hapo, lakini sauti hutembea taratibu, yapata kilometa moja kwa kila sekunde tatu. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa tatu. Sekunde 45 ni kilometa 15, na mbali kuliko hapo ngurumo husikika kwa shida au haisikiki kabisa. Lakini umeme wenyewe usiku huonekana umbali wa kilometa 100 na zaidi. Basi umeme usio na sauti ni habari iliyotangulia, na mwenye akili huishukuru.

Mzee hakutosheka na hesabu moja. Alipima mara kwa mara, na kila mara aliutazama umeme kwa kuulinganisha na mwembe uliokuwa mbele ya nyumba. Akasema kwamba umeme ukihama kulia au kushoto ya mwembe, mvua inapita zake. Ukibaki pale pale na hesabu ikapungua, yaja kwetu. Hapo nilitahayari, ndugu zangu, maana hiyo ni elimu ya manahodha wetu wenyewe. Nahodha akiona taa ya chombo kingine haihami upande wake nayo inazidi kukua, ajua kwamba vitagongana asipogeuza. Elimu tunayo, ila tumeiacha pwani, hatukuipandisha shambani. Usiku ule hesabu ilishuka kutoka 40 hadi 25, kisha 12. Mbuzi wakaingizwa, mtama uliokuwa umeanikwa ukaondolewa, watoto wakaitwa ndani. Mvua ilipofika haikumkuta mtu wala kitu nje.

Sasa turudi kwetu. Bahari yetu nayo hufanya kama ziwa lile. Usiku nchi kavu ya bara hupoa, na visiwa vyetu hupoa, pepo huelekea baharini, na mkondo ulio baina ya Pemba na Tanga huweza kuzaa ngurumo wakati watu wamelala. Na msimu wetu mkubwa hutuingiza katika vuli, karafuu zikiwa uwanjani na wachumaji wakiwa madagoni. Hatari kwetu basi ni mbili: mali na roho.

Ya mali nimekwisha kuieleza kwa kisa changu. Ya roho ni kubwa zaidi. Mkarafuu mrefu juu ya kilima ni mahali pabaya kabisa pa kukaa mtu wakati wa radi, awe juu ya tawi au chini ya kivuli. Radi hupenda kilicho kirefu, na ikishuka katika mti huweza kumrukia aliye karibu, au kuenea ardhini na kuwaangusha waliosimama pembeni. Kibanda cha makuti hakimkingi mtu na radi. Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, watu 14 walikufa kwa radi moja wakiwa wamekusanyika katika ibada. Mahali pa salama ni nyumba imara ya mawe au matofali, au ndani ya gari la bati lililofungwa milango na vioo.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba radi ni amri ya Mwenyezi Mungu, na ajali haina kinga. Nami naamini hivyo. Sote tulisoma chuoni kwamba Qurani ina sura nzima, ya 13, iliyopewa jina la radi. Lakini tulisoma vile vile kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akatawakali. Mwenye kuingiza karafuu ndani hashindani na Mola wake. Anatumia macho aliyopewa naye.

Wa pili atasema radi hutumwa na watu. Maneno hayo niliyasikia huko bara, na huku kwetu hayakosekani. Madhara yake ni kwamba mtu akifa, wenzake hutafuta mzee wa kumshuku badala ya kutafuta paa imara. Wengine hufunika vioo na kuvua nguo nyekundu, kisha husimama chini ya mti! Radi haitazami rangi ya nguo.

Wa tatu atasema kwamba siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kila kitu, kazi ya kukesha ni ya nini? Huyu ana haki ya kusikilizwa. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja hadi Mafia, Mamlaka ilitangaza mapema, na watu walijihadhari. Babu zetu wa 1872 hawakupata bahati hiyo. Tufani ya mwezi wa Aprili mwaka ule iliifagia mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyoguswa kidogo tu, ikashika uongozi wa zao hili. Basi tangazo la Mamlaka lisikilizwe kila jioni bila kukosa. Lakini tangazo ni la eneo kubwa, na wingu moja la ngurumo huweza kuinyeshea Mkoani na kuiacha Wete kavu. Tangazo hukuambia leo kuna hatari. Jicho hukuambia saa ya kukunja jamvi. Yote mawili yatakiwa.

Kwa hiyo natoa rai tatu, zijadiliwe katika mkutano ujao.

Kwanza, kila shamba lenye karafuu uwanjani liweke zamu ya usiku, mtu mmoja hadi saa sita na mwingine hadi alfajiri. Wa zamu akiona umeme aandike saa, upande, na hesabu. Akiwa Mkoani aone umeme upande fulani, na wa Wete auone upande mwingine, wapigiane simu. Mistari ya macho yao inapokutana ndipo wingu lilipo. Wakipima tena baada ya nusu saa watajua linakwenda wapi. Gharama yake ni daftari na salio kidogo la simu.

Pili, uwe mwiko kwa mwanachama kumpandisha au kumwacha mchumaji juu ya mti pindi hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, na asirudishwe mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Atakayelalamika kwamba pishi zinapotea na akumbuke kwamba pishi huchumwa kesho, ama mwana wa watu akianguka hakuna kesho. Na akipigwa mtu na radi, msiogope kumshika. Mwilini mwake hamna umeme uliobaki. Ikiwa hapumui, asaidiwe pumzi na kifua kibonyezwe upesi, kisha apelekwe hospitali.

Tatu, chama kinunue maturubali ya kuazimana, na karafuu zisilale nje hata usiku mmoja kwa sababu ya uvivu. Wa kwanza kutubu kosa hilo ni mimi Katibu wenu.

Yule mzee wa Kibondo aliponiaga aliniuliza kama pwani tunaona umeme. Nikamjibu tunauona sana. Akauliza, "Basi mwafanya nini mkiuona?" Sikuwa na jawabu. Natumai msimu huu tutampelekea.

Wa billahi taufiki.

Katibu wenu