Mashine ya saa kazini: Dakika za nani zinahesabiwa?

DAFTARI la mahudhurio, lile lililowekwa langoni pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, linazidi kutoweka katika viwanda, hospitali na afisi nyingi nchini. Mahali pake pamechukuliwa na mashine inayosoma alama za vidole au sura ya mfanyakazi, kisha ikaandika dakika aliyoingia na dakika aliyotoka.

Waajiri wana sababu nzuri ya kuifurahia. Daftari lilikuwa rahisi kudanganywa. Rafiki alimtilia mwenzake saini, na aliyefika saa tatu asubuhi aliandika saa mbili bila kupepesa macho. Mwisho wa mwezi karani wa mishahara alibaki akikisia maandishi yasiyosomeka.

Hata hivyo, mashine hiyo haijui kuchelewa ni nini, wala haijui saa za ziada ni zipi. Kazi yake ni kuandika wakati tu. Maana ya wakati huo huwekwa na binadamu, afisa anayeketi mbele ya kompyuta siku ya kwanza na kujaza kanuni ndani ya programu.

Afisa huyo huulizwa maswali mengi. Mfanyakazi asamehewe dakika ngapi kabla ya kuhesabiwa kuwa amechelewa? Dakika zikatwe jinsi zilivyo, au zikusanywe katika robo saa? Saa za ziada zianze kuhesabiwa papo hapo, au baada ya nusu saa? Muda wa chakula cha mchana ukatwe hata kwa yule ambaye hakupata nafasi ya kula? Aliyesahau kubonyeza wakati wa kutoka ahesabiwe vipi?

Majibu yake ndiyo huamua mshahara. Katika sehemu nyingi za kazi mfanyakazi hajawahi kuyaona majibu hayo, na mara nyingine hata mkurugenzi hayajui. Yamekaa ndani ya kompyuta kama yalivyoachwa na fundi aliyeileta mashine.

Hesabu ya senti

Sheria imeweka msingi. Kwa mujibu wa amri ya jumla ya kudhibiti mishahara, wiki ya kawaida ya kazi ina saa 52 zilizogawanywa katika siku sita, na kwa wanaofanya kazi usiku ni saa 60. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Zikiangukia siku ya mapumziko au sikukuu ya umma, hulipwa mara mbili.

Amri hiyo pia inaeleza jinsi ya kupata thamani ya saa moja kwa anayelipwa kwa mwezi: mshahara wa msingi hugawanywa kwa 225. Sekta kama kilimo, ujenzi na ulinzi zina amri zake zenyewe. Isitoshe, mikataba ya vyama vya wafanyakazi aghalabu huweka wiki fupi zaidi.

Mfano utasaidia. Mfanyakazi wa kiwandani anayelipwa mshahara wa msingi wa Sh18,000 kwa mwezi ana saa yenye thamani ya Sh80. Saa yake ya ziada katika siku ya kawaida ni Sh120.

Tuseme kanuni iliyomo ndani ya mashine inamkata robo saa kila aliyechelewa, hata kwa dakika moja. Akifika dakika tatu baada ya saa mbili asubuhi, atakatwa Sh20, ilhali dakika hizo tatu zina thamani ya Sh4. Akichelewa hivyo mara kumi kwa mwezi, atakuwa amepoteza Sh200 badala ya Sh40.

Jioni mambo hugeuka. Mashine hiyo hiyo imeagizwa kupuuza kazi yoyote ya ziada isiyofika nusu saa. Ikiwa mfanyakazi aliyekwisha kutimiza saa zake anabakizwa dakika 25 kila siku ili kupakia mzigo wa mwisho, baada ya siku 26 atakuwa amefanya kazi kwa saa 10 na dakika 50 bila malipo. Hizo ni Sh1,300 kwa mwezi, au Sh15,600 kwa mwaka. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 wa aina hiyo kitakuwa kimejiwekea Sh260,000 kila mwezi.

Hakuna aliyeiba waziwazi. Hakuna msimamizi aliyeghushi daftari. Ni visanduku viwili tu vilivyojazwa kwenye kompyuta, kimoja kikihesabu dakika za asubuhi kwa ukali na kingine kikisamehe dakika za jioni kwa niaba ya mwajiri. Wahenga waliita hali hiyo mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu.

Kuchelewa na kutofika

Tatizo la pili ni makato yenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inaorodhesha mambo ambayo mwajiri anaweza kuyakata kutoka kwa mshahara. Mojawapo ni mshahara usiozidi wa siku moja, kwa kila siku ya kazi ambayo mfanyakazi amekosa kufika kwa siku nzima bila ruhusa wala sababu halali.

Maneno “siku nzima” yana uzito. Orodha hiyo haitaji faini ya kuchelewa. Mwajiri anayeiagiza programu imhesabu aliyechelewa saa moja kuwa hakufika kazini, kisha akamkata siku yote, anajiweka mahali pagumu endapo kesi itafika mahakamani. Aidha, jumla ya makato yote haipaswi kuzidi thuluthi mbili za mshahara, na programu ya mishahara yafaa iwekewe kikomo hicho.

Hilo halina maana kwamba mwajiri amefungwa mikono. Anaweza kutoa onyo kwa maandishi, na kutofika kazini bila ruhusa kunaweza kumfanya mtu afutwe mara moja. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake katika lugha anayoielewa na amsikilize mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama. Ripoti ya mashine ni ushahidi wa kuletwa katika kikao hicho. Haiwezi kuchukua nafasi ya kikao.

Na ushahidi huo nao wahitaji kuchunguzwa. Chukua lango lenye mashine moja na wafanyakazi 300. Ikiwa kila mmoja anatumia sekunde nne, foleni yote huchukua dakika 20. Aliyefika mapema akawa wa mwisho kwenye mstari ataandikwa kuwa amechelewa. Kwa mkazi wa Likoni anayevuka kwa feri kwenda kazini Mombasa, au wa Nairobi aliyekwama katika matatu wakati wa mvua, dakika kumi za msamaha ni utambuzi wa hali halisi ya usafiri.

Usiku na sikukuu

Zamu ya usiku ndiyo huwachanganya zaidi wanaoweka kanuni. Kwa kompyuta, siku huisha saa sita usiku. Mfanyakazi aliyeingia saa moja jioni Jumamosi na kutoka alfajiri ya Jumapili ataonekana kama aliyeingia bila kutoka siku ya kwanza, na aliyetoka bila kuingia siku ya pili. Kanuni isipofunganisha nusu hizo mbili, kazi ya usiku kucha hugeuka kuwa siku mbili za utoro.

Usiku wa kuamkia Jamhuri, tarehe 12 Desemba, huleta swali jingine. Saa zilizofanywa baada ya saa sita usiku zimo ndani ya sikukuu, na kanuni isiyozitenga itazilipa kama za siku ya kawaida. Idd nayo hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hivyo kalenda iliyojazwa Januari haitoshi. Mtu lazima aifungue programu na kuirekebisha sikukuu inapothibitishwa.

Kuna pia kikomo ambacho mashine ingeweza kukilinda vizuri kuliko daftari. Kwa mchana, saa za kawaida pamoja na za ziada hazifai kuzidi 116 katika wiki mbili mfululizo. Kwa usiku kikomo ni 144. Ni jambo la dakika chache kuiagiza programu imwonye msimamizi mfanyakazi anapokaribia kiwango hicho. Programu inayojua kumhesabu aliyechelewa dakika tatu haiwezi kusemekana kuwa imeshindwa kumhesabu aliyechoka.

Alama za vidole

Wapo wafanyakazi wanaoitazama mashine hiyo kwa shaka, na shaka yao ina historia. Chini ya ukoloni, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Harry Thuku na wenzake waliupinga mfumo huo mapema miaka ya 1920. Alama ya kidole na kibarua vilikutana nchini zamani sana kabla ya kompyuta.

Tofauti ya leo ni kwamba mfanyakazi ana haki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka alama za vidole miongoni mwa habari nyeti za mtu binafsi. Mwajiri anapaswa kumweleza mfanyakazi kwa nini anazichukua, azitumie kwa lengo hilo tu, na asizihifadhi kuliko inavyohitajika. Aidha, vidole vilivyosuguliwa na saruji, jembe au kemikali mara nyingine havisomeki. Pasipo njia ya pili ya kujiandikisha, anayefanya kazi ngumu zaidi ndiye huhesabiwa kuwa mtoro.

Hoja ya mwajiri

Waajiri nao wana malalamiko yanayostahili kusikizwa. Wapo wanaomaliza kazi saa kumi na moja, wakakaa wakipiga gumzo hadi saa kumi na mbili, ndipo wabonyeze mashine wakitarajia ovataimu. Ndiyo maana programu nyingi zina kanuni kwamba saa za ziada zisilipwe bila idhini ya msimamizi.

Kanuni hiyo ni ya haki iwapo idhini inatolewa kabla ya kazi. Hugeuka dhuluma pale msimamizi anapoagiza mzigo umalizwe, akauona ukimalizwa, kisha akakataa kuidhinisha saa hizo kwenye kompyuta ili asionekane kuvuka bajeti. Kazi iliyoagizwa imekwisha kufanywa, na malipo yake ni deni.

Suluhu si kurudi kwenye daftari. Kumbukumbu safi humsaidia pia mfanyakazi, kwani madai mengi ya saa za ziada hudhoofika kortini kwa kukosa ushahidi. Kinachohitajika ni kanuni zilizo ndani ya mashine zitoke gizani. Zichapishwe katika ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi na kubandikwa karibu na mashine yenyewe. Kipimo cha asubuhi kiwe kile kile cha jioni: kama dakika kumi za kuchelewa zinahesabiwa, dakika kumi za kubaki zihesabiwe pia. Kila mfanyakazi apewe saa zake kabla ya mishahara kufungwa, ili makosa yasahihishwe mapema.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina kazi. Kwa miaka mingi mazungumzo na waajiri yamehusu kiwango cha nyongeza. Nyongeza ya Sh1,000 iliyopatikana kwa jasho inaweza kumezwa yote na kanuni ya nusu saa ambayo haikuwahi kuletwa mezani.

Nao maafisa wa leba, ambao Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inawapa mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua kumbukumbu, hawana budi kupanua maswali yao. Kuitisha orodha ya mishahara pekee hakutoshi tena. Waitishe na kanuni zilizoitengeneza, jina la aliyeziweka, na tarehe zilipobadilishwa mara ya mwisho.