Risala ya Wayahudi Watu Wazima Wenye Ulemavu na Familia Zao kwa Bodi ya Shirikisho la Kiyahudi la Mji Wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,
Waheshimiwa Wajumbe,
Waheshimiwa Marabi wa masinagogi yetu,
Ndugu wanajumuiya,



Risala hii ni ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, wa viungo na wenye usonji, pamoja na wazazi na ndugu zao. Rasimu yake ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, na mpangilio wa madai umeamuliwa na wenye ulemavu wenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Wayahudi wa Marekani waliianza kazi hii mapema. Mwaka 1970 kambi ya Ramah huko Glen Spey, New York, ilifungua programu ya Tikvah kwa vijana wenye ulemavu, ilhali sheria ya nchi ya kuzibana shule za umma ziwapokee watoto wote wa namna hiyo ilipitishwa mwaka 1975. Shirika la Yachad lilifuata mwaka 1983, na lile la Friendship Circle likaanzia Michigan mwaka 1994. Wengi wetu ni matunda ya kazi hiyo. Tuliimba kambini, tukaitwa kusoma Torati mbele ya sinagogi zima, tukarushiwa peremende kama desturi ilivyo. Kilio chetu kinahusu yale yaliyofuata baada ya peremende.

MALALAMIKO YETU

Kwanza ni umri. Katika majimbo mengi elimu maalumu ya umma hukoma mtu anapofika miaka 21 au 22. Kesho yake basi la shule haliji tena, na huduma za serikali kwa watu wazima zina foleni ya miaka. Hapo ndipo jumuiya ingetakiwa kusogea karibu, lakini programu nyingi za mjini kwetu nazo zina kikomo cha umri. Mwenzetu mmoja wa miaka 34 anazijua kwa moyo tuni zote za ibada ya Ijumaa usiku. Mwaliko pekee aliopata msimu uliopita ni wa sherehe ya Hanuka ya watoto. Alikalishwa kwenye kiti kifupi, magoti yakamfika kifuani, akapewa karatasi ya kupaka rangi.

Pili ni kalenda. Tangu mwaka 2009 mwezi wa Februari umetengwa kwa Wayahudi kuelimishana kuhusu ulemavu na ujumuishi. Basi Februari tunaitwa mbele, tunapigwa picha, tunasifiwa. Programu yetu ya Jumapili nayo huanza baada ya Sikukuu ya Vibanda na kufungwa mwishoni mwa Mei. Inafuata mihula ya shule, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayesoma. Kiangazi kizima tunabaki nyumbani. Mfungo wa tarehe tisa ya mwezi wa Av unatupita. Mwezi wa Eluli, baragumu linapoanza kupulizwa asubuhi, unatupita. Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, siku nzito kuliko zote, zinatukuta likizoni, na likizo hiyo hatukuiomba. Mama mmoja anasema kila Jumapili ya Juni mwanawe huvaa kofia yake ya ibada tangu saa mbili asubuhi, akabeba begi, akasimama mlangoni kungoja gari. Huwezi kumweleza mtu huyo habari za mihula ya shule.

Tatu ni makazi. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za pamoja ambazo huduma zake hulipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali. Wahudumu wanajitahidi kwa mishahara midogo, ila hakuna aliyewafundisha maisha ya Kiyahudi. Ijumaa jioni mezani kuna soseji za nguruwe, na mtu akizikataa huandikwa kwenye daftari kwamba amegoma kula. Kwa sisi tunaoshika Sabato, kiti cha magurudumu hakisukumwi barabarani ikiwa uzio wa eruvi, unaoufanya mtaa uhesabiwe kama ua mmoja, umekatika. Taarifa ya kila Ijumaa kwamba uzio u mzima hutumwa kwa kaya zilizosajiliwa masinagogini. Nyumba zetu hazimo katika orodha hiyo. Mtu anaoga, anavaa suti, anakosa wa kumpa jibu, anarudi chumbani.

Nne ni usafiri. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inayabana mashirika ya mabasi ya umma yatuchukue, lakini ndani ya robo tatu ya maili tu kutoka njia za mabasi ya kawaida. Kituo chetu kipya cha jumuiya kimejengwa nje ya mji, mbali na njia yoyote ya basi. Kina mteremko mzuri wa viti vya magurudumu, na sisi hatuna njia ya kuufikia.

Tano ni ada. Wengi wetu tunaishi kwa posho ya serikali ya SSI, ambayo hairuhusu mtu asiye na mwenzi kuwa na akiba inayohesabiwa ya zaidi ya dola 2,000. Kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 1989. Mkitutoza ada ya mapumziko ya Pasaka sawa na ya daktari au wakili, mmeshatufungia mlango.

Sita ni sauti. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa wageni wa jumuiya hii miaka nenda miaka rudi, na jembe hatujapewa. Tunaandaliwa shughuli, hatuulizwi. Tunahesabiwa katika ripoti, lakini katika kamati hatumo.

Waheshimiwa Marabi, sheria hiyohiyo ya 1990 iliyaacha masinagogi nje ya sehemu kubwa ya masharti yake. Serikali haiwezi kuwashtaki kwa ngazi zenu. Torati haikuwapa msamaha huo: Walawi 19 inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Naye Maimonides, alipozipanga daraja nane za sadaka, ya juu kabisa aliifanya ile ya kumwezesha mtu asimame mwenyewe, kwa kazi, mkopo au ubia. Februari yenu, kwa kipimo hicho, bado iko ngazi za chini.

MADAI YETU

1. Programu ya watu wazima iende miezi 12, Juni hadi Septemba ikiwemo, ikifuata kalenda ya Kiyahudi. Isiwe na kikomo cha umri.

2. Aajiriwe mratibu wa kudumu, mshahara wake utoke katika bajeti kuu. Kazi hii isitegemee tena msaada wa mwaka mmoja mmoja.

3. Kila shughuli itangazwe pamoja na usafiri wake. Kwa wanaoshika Sabato, zitafutwe familia za kuwalaza wageni karibu na sinagogi.

4. Shirikisho liingie mkataba na waendeshaji wa nyumba za pamoja: mafunzo kwa wahudumu, chakula cha kosheri kwa anayekitaka, mishumaa na mkate wa Ijumaa, na taarifa ya eruvi kila wiki.

5. Ada ifuate kipato, na mhudumu anayemsindikiza mtu asilipishwe.

6. Familia zipewe siku za kupumzika kwa mwaka mzima, na wazazi wazee wasaidiwe kisheria kupanga nani atawasimamia watoto wao watakapokuwa hawapo. Kaka na dada washirikishwe kabla ya msiba, si baada yake.

7. Watu wazima wenye ulemavu wapewe viti viwili katika Bodi hii, vyenye kura. Masinagogi nayo yawape kazi za kweli: kupokea waumini mlangoni, kufungua sanduku la Torati, kuandaa meza ya Sabato, kuwatembelea wagonjwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai ndani ya siku 30, yakitaja nani atatekeleza, lini, na kwa fungu lipi la bajeti. Dai mtakaloshindwa kulitimiza mtueleze sababu, tulijadili pamoja. Lakini dai la kwanza halina sababu ya kungoja: ukumbi upo, Jumapili zipo, na watu wenyewe ndio sisi. Programu isifungwe mwisho wa Mei hii.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Watu wazima wenye ulemavu, wazazi na ndugu zao