Amani Isiyolipa Ujira



Katika jumuiya zetu imejengeka desturi njema ya kusuluhishana. Majirani wakigombana juu ya mpaka wa shamba, au ndugu wakikosana juu ya mahari, wazee huitwa, wahusika husikilizwa, na jambo huisha kabla ya kufika mahakamani. Desturi hii ni urithi wa wazee wetu, na pia ni tunda la Injili. Lakini yako mashauri ambayo desturi hiyo hiyo, ikitumiwa bila maarifa, hugeuka kuwa kamba ya kumfunga mnyonge. Miongoni mwa hayo ni mashauri ya kazi.

Tutazame jinsi mambo yanavyoweza kwenda katika mji wetu wa Singida. Kijana ameachishwa kazi katika ghala la alizeti, au msichana wa kazi za ndani amefukuzwa bila kulipwa mshahara wa miezi miwili. Anakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yake. Mwajiri naye ni muumini, pengine mfadhili mkubwa wa ujenzi wa kanisa. Mnyonge anaambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba jambo litazungumzwa baada ya mavuno, au mwajiri atakaporudi safarini. Anatii. Wiki zinapita, na haki yake inafia mikononi mwa watu waliomtakia mema.

Inakufa kwa sababu sheria imeweka hesabu ya siku. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2007, anayepinga kuachishwa kazi hana budi kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama vile mshahara usiolipwa, yapelekwe ndani ya siku 60. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini itampasa kutoa sababu ya msingi, na si kila sababu hukubaliwa.

Wengine huona kwamba kwenda mbele ya Tume ni kutangaza vita. Sivyo. Hatua ya kwanza ya Tume ni usuluhishi: pande mbili huketi mbele ya msuluhishi, naye hupewa siku 30 za kuwapatanisha. Wasipopatana, ndipo mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo; asiyeridhika aweza kuomba mapitio katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Maafikiano yanayotiwa sahihi mbele ya msuluhishi huwabana wote wawili kisheria. Ahadi iliyotolewa sebuleni haina nguvu hiyo.

Yafaa pia tujue kwamba sheria hii inamlinda mtumishi wa nyumbani sawa na karani wa ofisini. Ni kweli kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kuwa aliachishwa isivyo haki. Hata hivyo, ujira wa siku alizofanya kazi ni wake. Tena, mwajiri asipoweza kutoa mkataba wa maandishi shauri likifika, ni juu yake kuthibitisha masharti ya kazi yanayobishaniwa. Kwa hiyo asiyepewa karatasi asikate tamaa.

Udhalimu wa namna hii hauishii kwenye mshahara. Mkulima wa vitunguu anayefika soko la Misuna hukutana na lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu ya ujazo wake, ilhali taratibu za vipimo zinakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100 na zinataka mazao yauzwe kwa mizani. Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Lakini mkaguzi hawezi kuwa kando ya kila gunia, na mkulima aliye peke yake, mwenye haja ya ada ya mtoto, hukubali bei ya kilo 100 kwa mzigo wa kilo 130. Wakulima wakikataa kwa pamoja, na wakitoa taarifa kwa pamoja, sheria hupata miguu.

Basi Tume yetu ya Haki na Amani inaziomba jumuiya mambo matatu. Kwanza, mtu akileta shauri la kazi, swali la kwanza liwe: uliachishwa tarehe ngapi? Siku zihesabiwe kuanzia hapo, na mazungumzo ya kinyumbani yasipite wiki mbili. Pili, yaandikwe yote: tarehe ya kuanza kazi, mshahara, malipo yaliyopokelewa, na majina ya mashahidi. Tatu, asiende peke yake. Sheria inaruhusu mlalamikaji kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, na wakili, au na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa jumuiya aweza kuwa mtu huyo.

Na tusiwahubirie wengine tu. Parokia, shule na zahanati zetu nazo zina walinzi, wapishi na wafagizi. Kabla ya kuuliza mikataba ya wafanyabiashara, halmashauri ya walei na iulize mikataba ya watumishi wa nyumbani mwa Kanisa.

Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolilia mbinguni, naye alikuwa akirudia fundisho la Mtume Yakobo. Torati nayo iliagiza kibarua alipwe kabla ya jua kuchwa. Tupatanishe, ndiyo, lakini upatanisho uishe kwa mfanyakazi kupokea kilicho chake mkononi, na kabla ya siku ya 30.