Nguvu za Kukopa

Kama gari lako la dizeli limefungwa kile kisanduku kinachoitwa chipu, kitoe. Sisemi kipunguzwe makali, wala kihamishiwe gari jingine, kitoe. Najua nitachekwa. Siku fundi aliponitolea kile nilichokikuta katika pikapu niliyoinunua mkononi mwa mtu, kijana mmoja pale gereji alitikisa kichwa akasema, "Mzee, umelihasi gari." Wenzake wakaangua kicheko. Kazi yenyewe haikufika nusu saa, na muda mwingi ulikwenda katika kuunga nyaya ambazo aliyekifunga alizikata na kuzisokota ovyo.

Tuseme wazi kisanduku hiki hufanya nini. Katika injini za kisasa za komon reli kuna sensa inayoieleza kompyuta ya gari mgandamizo wa mafuta. Kisanduku hukaa katikati yao na kusema uongo: mgandamizo ni mdogo. Kompyuta, maskini, huamini, ikaiamuru pampu iongeze. Mafuta mengi kuliko yaliyokusudiwa huingia, na gari likaruka kama swala. Hiyo ndiyo akili yote tunayouziwa kwa fedha nyingi.

"Lakini linakula mafuta kidogo," husema, wakionyesha tarakimu za dashibodi. Tarakimu hizo hukadiriwa kwa mafuta ambayo kompyuta inadhani imeyatia, na kompyuta hiyo ndiyo iliyokwisha kudanganywa! Jaza tangi pomoni, andika kilomita, tembea, jaza tena, gawanya. Watetezi wa chipu sijawaona wakiipenda hesabu hii ya penseli.

Wapo wenye hoja ya heshima zaidi. Wanasema waundaji wa injini huacha akiba ya nguvu, basi kwa nini isitumike? Kweli, huacha. Lakini akiba hiyo waliiweka kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya joto, vumbi, mafuta yasiyoaminika na shehena iliyozidi, yaani kwa ajili yetu sisi hasa. Anayepanda Kitonga na magunia ya viazi nyuma, chujio la hewa limeziba vumbi, huyo tayari ameshaila. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na pistoni nyingi za magari haya ni za aloi yake. Klachi itaanza kuteleza, tabo itachoka, na mwenye gari atamlaumu muuza mafuta.

Tena kuna moshi. Lile wingu jeusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Sasa mafuta yasafishwe, nasi tuyatapanye barabarani kwa ajili ya kulipita basi? Watoto wanaokwenda shule kwa miguu kando ya barabara ile, pua zao zikiwa karibu usawa wa ekzosi, nani aliwauliza kama wanaihitaji haraka yako?