Kwenda Likizo na Ofisi Mfukoni

Ndugu wanachama, mwezi wa Desemba u karibu, na mabwana na mabibi wengi wa chama chetu wamekwisha kujaza fomu za likizo. Twawatakia safari njema. Walakini, kabla hawajafunga mizigo, yatupasa kusema neno juu ya desturi mbaya iliyoingia katikati yetu, nayo ni hii: mtumishi huondoka ofisini, lakini ofisi haimwachi, wala yeye haiachi.

Zamani likizo, ambayo wazee wetu makarani waliiita livu, ililindwa na umbali. Karani akiisha kupanda gari la moshi kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, safari ya kilometa zipatazo 1,250, hapakuwa na njia ya kumfikia ila barua au telegramu. Na telegramu ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Kwa hiyo mkubwa aliyetaka kujua jalada fulani liko wapi alijiuliza kwanza kama swali lake lastahili gharama ile, na pengine aliona nafuu kuinuka akalitafute mwenyewe masijala. Siku hizi kuuliza ni bure. Simu yalia wakati wa chakula, yalia msibani, na kundi la WhatsApp la idara halijui Jumapili wala Idi.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 31, yampa mfanyakazi siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwamo ndani yake, nayo ilipotungwa ilimkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi kufanya kazi yake siku hizo. Wanachama walitazame vema neno lile, kumruhusu. Wakati ule, hata ukijitolea kwa hiari yako, mkuu wako hakuwa na idhini ya kukupokea. Wala wazo hili si geni: mapatano ya Geneva ya 1936 juu ya likizo yenye malipo yalikwisha kusema kwamba makubaliano yoyote ya mtu kuiacha likizo yake ni batili.

Wako wenzetu wajisifuo kwamba bila wao idara itakwama. Watuwie radhi, hatuoni sifa hapo. Idara ikwamayo kwa kuondoka karani mmoja ni mgonjwa, na siku karani huyo atakapolazwa hospitali ugonjwa utaonekana na watu wote. Mabenki mengi huwalazimisha watumishi wao kwenda likizo, ili mtu mwingine aketi mezani pao na vitabu vyao vitazamwe na macho mageni, maana mwizi wa hesabu mara nyingi hana budi kuwapo kila siku aufunike wizi wake. Hatusemi kwamba kila asiyepumzika ni mwizi. Ila anayeona uchungu kumwachia mwenzake meza na ajue kwamba watu huweza kudhani hivyo.

Lakini hasara kubwa i nyumbani. Nauli ya likizo hutolewa mara moja katika miaka miwili, na wengi wetu hungoja nauli hiyo ndipo waende kwa wazazi. Mzee wa miaka 75 aonwaye kila mwaka wa pili amebakiwa na ziara ngapi? Hesabu hii makarani twaiweza, ila hatupendi kuifanya. Naye mzee hahitaji sukari na shuka tu. Ataka kumwonyesha mwanawe mipaka ya shamba, ni nani anadaiwa mbuzi, na ni nani waliozikwa nyuma ya migomba ile. Maneno ya namna hiyo hayasemwi siku ya kwanza. Huja siku ya sita au ya kumi, jioni, baada ya kimya kirefu. Simu ikilia hapo, mzee hukatiza kwa adabu na kusema, "Jibu, mwanangu, ni wakubwa wako." Na maneno yale hayarudi tena. Wajukuu nao wako papo hapo, wakijifunza kwamba baba au mama ni mtu asemaye "ngoja kidogo."

Basi twawaomba waendao likizo waandike hati ya makabidhiano siku tatu kabla ya kuondoka, waketi na kaimu na kumwonyesha majalada yasiyokwisha, ya mishahara kwanza, maana hayo hayangoji. Namba ya simu aachiwe mtu mmoja tu, kwa jambo la hatari. Nanyi wakuu wa idara, kaimu mteueni kwa barua na mpeni uwezo wa kutia sahihi. Kaimu asiye na uwezo hatupaswi kumlaumu akipiga simu kila saa. Hana la kufanya.

Katibu wetu amekwisha kuchapa mfano wa hati ya makabidhiano, ukurasa mmoja tu. Wanachama na wauchukue kwake kabla ya tarehe 10 Desemba.